Bomba Lililofungwa Jiwe

Jumatano, saa mbili asubuhi, kanzu za kwaya zilizoanikwa nyuma ya duka la dobi la Nzisa Mulei, mtaani Gatongora, Ruiru, zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Zilipoletwa zilikuwa nyeupe, na uchafu wake ulikuwa wa kawaida: jasho kwenye kola, vumbi jekundu kwenye pindo. Nzisa alizifua mara ya kwanza zikatoka na umanjano hafifu. Akazirudia kwa blichi, zikawa kahawia. Akazirudia tena kwa blichi nyingi zaidi, na sasa zilikuwa hivyo.

Rangi ilienea sawasawa kitambaa kizima. Nzisa alilitazama jambo hilo kwa muda mrefu kuliko rangi yenyewe. Alikuwa amefua nguo za watu miaka kumi na mbili na alijua kwamba doa huwa na mahali pake. Hili halikuwa na mahali.

Kanzu zilikuwa za kwaya ya kina mama wa kanisa lililo ng'ambo ya barabara. Jumapili hiyo askofu angekuja kuliweka wakfu jengo jipya. Becky Nyawira, mwenyekiti wa kwaya, alipita dukani saa nne akielekea sokoni. Alikuja kuangalia tu. Alisimama kwenye mlango wa nyuma bila kuvuka kizingiti.

"Haiya! Nzisa. Hizi ni zetu?"

"Ni zenu, Mama Ciku."

"Hapana. Hizi ni za kwaya ya wauza kahawa. Zetu ziko wapi?"

"Ni hizi. Ngoja nikueleze."

"Unieleze nini na mimi naona? Umetumia sabuni gani, ile ya kupimiwa kwa mtungi?"

"Sabuni ni ileile ya siku zote."

"Basi blichi ni feki."

"Nilinunua supamaketi. Chupa ndiyo hii, soma."

"Mimi si dobi, mimi naimba soprano." Becky aligusa pindo la kanzu ya karibu, akanusa vidole vyake. "Jumamosi saa kumi nakuja kuzichukua. Nikizikuta hivi, utafanya hesabu na kanisa, na nguo zetu hazitaingia hapa tena. Si kwa ubaya, mama. Askofu hawezi kuimbiwa na watu wa rangi ya chai."

Vitambaa vya madhabahu, mashuka ya nyumba ya wageni ya kanisa na kanzu hizo ndizo zilikuwa zaidi ya nusu ya kazi ya Nzisa. Mwezi huo wateja wawili walikuwa wameshahama kwa sababu ya mashati yaliyoingia manjano. Kanisa likihama, duka lingefungwa naye angerudi Makongeni, Thika, alikoanzia, kufua nyumba kwa nyumba na kuitwa mama fua na watoto wa watu.

Jioni ya siku hiyohiyo Mbinya Maluki alikuja kuchukua makoti yake. Mbinya alikuwa mkemia katika maabara ndogo ya kupima maji na udongo mjini Thika, akiishi Gatongora, na kila wiki alileta makoti meupe ya kazini. Nzisa alimkabidhi moja. Lilikuwa na rangi ileile.

Mbinya hakukereka. Alilipeleka kwenye mwanga.

"Ulitia blichi kabla ya rangi kutokea au baada?"

"Kabla ilikuwa manjano kidogo. Baada ndiyo ikawa hivi."

"Na ukaongeza."

"Si ndiyo kazi ya blichi, madam? Kitu kikikataa unaongeza."

"Maji ni ya wapi?"

"Ya mradi. Ya bwawa. Kila mtu hapa ni ya bwawa."

Mbinya aliomba mabeseni mawili meupe. Katika moja alitia maji ya mfereji, ambayo yalikuwa maangavu, bila rangi. Katika jingine alitia maji ya chupa aliyokuwa nayo kwenye mkoba. Akatia kijiko cha blichi kila upande. Maji ya chupa yalibaki yalivyo. Ya mfereji yalianza kwa manjano, yakaingia kahawia, na kabla Nzisa hajamaliza kupiga pasi suruali moja, beseni lilionekana kama limeoshewa sufuria ya chai.

"Haiya," Nzisa alisema. Hakuwa Mkikuyu, lakini alikuwa ameishi Ruiru muda wa kutosha.

"Maji yana manganisi iliyoyeyuka," Mbinya alisema. "Ni madini. Ikiwa imeyeyuka huioni. Ukitia blichi inageuka chembe za kahawia, na chembe zinashika uzi. Kila ulipoongeza blichi, uliongeza rangi."

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni maji. Wewe uliyafanya yaonekane."

Nzisa alimwaga beseni. "Lakini bwawa ni lilelile. Mwaka jana nilifua kanzu hizihizi kwa maji hayohayo."

Mbinya alisema angeenda kuliona bwawa kesho yake.

Bwawa lilichimbwa zamani na shamba la kahawa. Shamba lilipokatwa viwanja na kuuzwa, wakazi waliunda mradi, wakaweka pampu na tangi, na kumwajiri Gerishon Kiama kuwa fundi wa maji. Alhamisi asubuhi Kiama alimpokea Mbinya kandokando ya bwawa kwa adabu isiyo na uchangamfu.

"Maji yetu yamepimwa, madam. Novemba. Yalipita."

"Waliyachota wapi?"

"Hapa. Kwa ndoo." Alionyesha ukingo, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimekanyagwa.

"Na pampu inavuta wapi?"

Kiama aliangalia katikati ya bwawa, ambako hapakuwa na kitu cha kuonekana. Alieleza. Zamani mdomo wa bomba ulielea juu, umefungwa kwenye mapipa mawili ya plastiki. Kiangazi cha Septemba maji yalishuka sana, wakauvuta mdomo hadi kwenye kina. Kisha mapipa yakaibwa.

"Yote mawili. Usiku wa kesha la kanisa, tukiwa tunaimba. Saa hizi mtu anachachushia pombe ndani yake. Tukaona, kama kitu kinaelea kinaonekana, na kikionekana kinaibwa. Kwa hivyo tukafunga mdomo jiwe, ukashuka chini. Sasa mwizi atafanya nini, apige mbizi?" Alicheka mara ya kwanza. "Kamati ilinipigia makofi."

"Na mvua ya Novemba ikajaza bwawa."

"Ikajaza mpaka juu. Asante Mungu."

"Bomba likabaki chini."

"Si liko salama."

Walitumia raft ya mradi, mbao zilizopigiliwa juu ya madumu. Kiama alisukuma kwa mti mrefu, Mbinya akakaa katikati na sanduku lake. Jua la Machi lilikuwa kali na upepo haukuwapo. Haukuwa umevuma kwa wiki kadhaa. Juu ya mahali pa bomba, Mbinya alishusha kipima joto kwa kamba. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu. Kuanzia kina cha urefu wa mtu na nusu, joto lilianguka ghafla, na chini ya hapo halikubadilika tena. Kipima oksijeni kilifuata njia ileile: juu nyingi, katikati kidogo, chini sifuri. Alikirudisha juu, akakishusha tena. Sifuri.

Kisha chupa. Ilishuka ikiwa imezibwa. Kamba ya pili ilivuta kizibo ilipofika. Maji ya chini yalipanda yakiwa maangavu kuliko ya juu, baridi, na yakinuka yai viza.

"Igeuzie upande ule mwingine, tafadhali," Kiama alisema akiziba pua.

"Yatazame tu."

Chupa ilisimama kwenye ubao, juani, mdomo wazi. Ndani ya muda waliotumia kuchukua tope, maji yalipoteza uangavu na kuingia ukungu wa rangi ya kutu.

Tope lilitolewa kwa bomba la plastiki lililochomekwa sakafuni mwa bwawa na kuzibwa juu kwa kiganja. Kiama alitegemea lingekuwa jekundu, kwa sababu udongo wote wa Ruiru ni mwekundu na kila mvua ilishusha udongo wa barabara na wa viwanja vinavyojengwa. Lilikuwa jeusi tangu juu.

"Huu si udongo wetu," alisema.

"Ni wenu. Umekaa bila hewa."

Alimweleza wakirudi ukingoni, na Kiama, ambaye alijua pampu kuliko alivyojua kitu kingine chochote, alisikiliza kama mtu anayesikiliza mtambo. Udongo mwekundu una chuma na manganisi. Ukitua chini unakuwa mashapo, na madini hayo hukaa ndani yake yakiwa magumu, mradi maji yaliyo juu ya tope yana oksijeni. Bwawa likiwa na kina kifupi au upepo ukilikoroga, oksijeni inafika. Bwawa likijaa, jua likiwaka na upepo ukikosa, maji ya moto yanakaa juu kwa kuwa ni mepesi, ya baridi yanakaa chini, na hayachanganyiki. Majani yanayooza yanamaliza oksijeni ya chini. Hapo vijidudu vya tope vinaanza kutumia oksijeni iliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Manganisi inatangulia kulegea, chuma kinafuata. Vinayeyuka, vinapanda kutoka kwenye tope na kuingia majini. Vikikutana na hewa, au na blichi, vinakuwa vigumu tena na kuanguka.

"Kwa hivyo tope linatutapikia," Kiama alisema.

"Linayeyuka kidogo kidogo. Na mdomo wa bomba lenu uko palepale linapoyeyukia."

Kiama alifunga raft kwenye nguzo. Alichukua muda mrefu kwenye fundo.

"Madam, ukisema hivi kwenye mkutano, watasema Kiama anawanywesha tope."

"Tope limebaki chini. Mnavuta maji yaliyolalia tope."

"Hiyo haitanisaidia sana."

"Sikuisema ikusaidie."

Kiama alimtazama, kisha akacheka tena, tofauti na mara ya kwanza. "Wewe ungekuwa mwalimu ungechukiwa."

Ijumaa mchana Mbinya alikuwa na matokeo. Manganisi katika maji ya chini ilikuwa zaidi ya mara hamsini ya ile ya maji ya juu. Maji ya juu yalifaa. Alikuwa pia amepima shaba, kwa kuwa shamba la kahawa lilinyunyizia miti dawa ya shaba kwa miongo mingi na mvua iliisukuma bwawani. Shaba ilikuwamo, nyingi, ndani ya tope. Ndani ya maji ya chini karibu haikuwapo. Salfa ileile iliyonuka yai viza ilikuwa imeikamata na kuishikilia. Alimpigia Kiama simu na kumwambia mambo mawili: mdomo upandishwe juu, na tope lisichimbwe.

"Lakini tuliahidi watu tope hilo liwe mbolea," Kiama alisema. "Kuna mtu wa Kiandutu anataka lori mbili za tope kwa ajili ya mboga zake."

"Likikaa kimya chini ya maji, shaba haiendi popote. Likianikwa ukingoni likaukie hewani, shaba inafunguka, na mvua ya kwanza inairudisha bwawani au inaipeleka kwenye sukuma wiki. Lisichimbwe mpaka lipimwe vizuri."

"Sawa. Kwa hivyo kitu kimoja kinatoka kikikosa hewa, kingine kinatoka kikipata hewa."

"Ndiyo."

"Na mimi nilisomea pampu," Kiama alisema, akakata simu.

Lililobaki lilikuwa kanzu. Kilichoyeyusha manganisi kwenye tope kingeweza kuiyeyusha kwenye uzi, mradi kipatikane kitu cha kuinyang'anya oksijeni bila kuharibu pamba. Mbinya alinunua Thika unga wa vitamini C, ule ambao waokaji wa mikate huchanganya na ngano, na jioni akauleta dukani. Maji ya mfereji yasingefaa. Tangi na mabomba yalikuwa bado na maji ya chini. Kiama alituma mkokoteni wenye madumu ya maji yaliyochotwa juu ya bwawa. Hakuja mwenyewe, na hakudai shukrani.

Walijaribu kwanza koti la Mbinya. Nzisa alilizamisha kwenye beseni, akaligeuza kwa mti. Rangi ilitoka kama ilivyoingia, bila doa wala mpaka: kahawia, manjano, kisha nyeupe. Nzisa alilitoa, akalikamua, akalirudisha ndani, akalitoa tena.

"Aki, madam. Vitamini C. Na mimi ninayo kabatini kwa ajili ya mafua."

"Suuza sana. Usitie blichi hata tone."

"Hata ukinilipa."

Waliingiza kanzu tano tano. Nzisa alikuwa akiimba kwa sauti ya chini kufikia beseni la tatu. Katika beseni la nne, aliposhika kanzu kwa mabega kuikamua, kwapa la kushoto lilifunguka kwa sauti ndogo, kama karatasi iliyolowa. Akaacha kuimba. Alipozikagua zote, moja zaidi ilikuwa imelegea kwenye kola kiasi kwamba kidole kilipenya.

Mbinya alikivuta kitambaa kati ya vidole viwili na kuangalia nyuzi.

"Hii si maji," alisema. "Rangi ilitokana na maji. Kuchanika kumetokana na blichi. Uliitia mara mbili, na ya pili ilikuwa kali mno."

Nzisa aliketi juu ya dumu. "Lakini niliitia kwa sababu ya rangi. Na rangi ni ya bwawa. Basi hata hii ni ya bwawa."

"Hapana. Mtu mwingine angesimama kwenye ile ya kwanza."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu unajua."

"Ndiyo."

"Kesho Becky akija, usimwambie hiyo ya blichi. Mwambie ya bwawa tu. Ya bwawa ni kweli, si ndiyo? Sijakuomba udanganye."

"Akiniuliza kuhusu rangi, nitamjibu rangi. Akiniuliza kuhusu kuchanika, nitamjibu kuchanika."

"Na asipouliza?"

"Sitaongea."

Nzisa alizishona zile mbili usiku huohuo, kwa uzi mweupe na mshono mdogo ambao usingeonekana mtu akiwa amesimama mstari wa nyuma. Mbinya alikuwa ameenda kwake.

Jumamosi saa kumi kasoro, Becky alifika na wanakwaya wawili wa kubeba. Kanzu zilikuwa zimepigwa pasi na kukunjwa juu ya meza. Alifungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaziinua dirishani.

"Hizi ndizo," alisema. "Nzisa! Ulikuwa unatuchezea?"

"Ilikuwa ni maji, Mama Ciku. Madam huyu ni wa maabara, atakueleza."

Mbinya alieleza kwa sentensi chache: bomba, tope, maji yasiyo na hewa. Becky alisikiliza akiendelea kufungua kanzu.

"Kwa hivyo hata chai tunayokunywa nyumbani ni hiyo hiyo."

"Kwa wiki kadhaa, ndiyo. Bomba linapandishwa leo."

"Kiama atanisikia." Mkono wake ulifika katikati ya rundo. Alibaki na kanzu nne tano hivi kabla ya zile mbili. "Kwa hivyo dobi wetu hana kosa lolote."

Alimwangalia Mbinya aliposema hivyo. Neno hilo halikuwa na umbo la swali, lakini lilisubiri jibu. Mbinya alivuta pumzi.

"Kosa niko nalo," Nzisa alisema. Alizivuta kanzu mbili kutoka chini ya rundo, akazifungua kwenye kwapa na kwenye kola. "Hizi nimezichana mimi. Nilitia blichi nyingi. Rangi ni ya bwawa, lakini hizi ni zangu. Nimezishona, zitafika kesho. Hazitafika Pasaka. Nitalipa mbili, si zote."

Mmoja wa wanakwaya alisema, "Ai, mshono hata hauonekani."

Becky aliinama juu ya kola, akapitisha kucha kwenye mshono.

"Mimi ningeona," Becky alisema. "Labda si kesho. Lakini ningeona." Alizikunja zile mbili na kuziweka kando ya zingine. "Maxine na Lynn watavaa hizi. Wanasimama nyuma na hawanyanyui mikono. Hayo mengine nitaongea na kamati ya kwaya."

Hakusema kamati ingeamua nini. Walizibeba, wakavuka barabara.

Saa kumi na moja jioni hiyo Kiama na wanakamati wawili wa mradi waliuvuta mdomo wa bomba, wakakata kamba ya jiwe, na kuufunga kwenye madumu matatu waliyokuwa wameyapaka tope jeusi ili yasionekane kutoka ukingoni. Mbinya aliwaomba wapake rangi badala ya tope. Tope lilikuwa tayari limekauka. Waliwasha pampu na kuacha mifereji ikimwaga maji ya zamani mpaka giza.

Jumapili kanisa liliwekwa wakfu. Kwaya iliimba nyimbo nne.

Jumatatu saa tatu asubuhi Becky alisukuma mlango wa duka kwa bega, akiwa na mifuko miwili mikubwa. Aliiweka juu ya meza.

"Kwapa la Lynn lilifunguka wimbo wa tatu," alisema. "Aliimba akiwa ameshikilia mkono hivi, kama kuku."

"Pole."

"Askofu alidhani ni mtindo wetu." Alifungua mfuko wa kwanza. "Hizo mbili tumezikata, zitakuwa vitambaa vya meza. Wewe utashona mbili mpya kwa gharama yako, kamati imesema hivyo. Hizi zingine ni za kufua. Kuna vumbi na kuna mchuzi, usiniulize wa nani."

Nzisa aliichukua mifuko, akaipeleka nyuma, na kuloweka kanzu kumi za kwanza.